Tepe za Gagulo Jekundu

Blaenau, Wales
11 Februari 1917

Kaka Ithel,

Hujambo huko Ufaransa? Sisi wazima, ila kikohozi cha mama bado. Theluji imefunga machimbo, baba anashinda nyumbani akigombana na paka.

Barua yako nilimsomea mama jikoni. Jeshi linataka mwandike Kiingereza ili mkaguzi wa barua aelewe, na mama anajua Kiwelshi tu, basi mimi ndiye mdomo wako. Ulipoandika kwamba ndege yenu ni vijiti na kitambaa, na kwamba umekalishwa mbele ya rubani katikati ya nyaya hata bunduki huwezi kuigeuza, nilimwambia: "Anasema kiti chake kizuri, anaona mbali."

Darasani nikiulizwa jina langu tu natetemeka. Uongo huu ulinitoka bila kigugumizi. Niambie mimi, kaka: hatari ni kiasi gani?

Mdogo wako,
Lowri

Ufaransa
2 Machi 1917

Kwako Lowri, mwongo wangu mpenzi,

Nimepata salamu zenu. Mama anywe maziwa ya moto, na paka aombewe. Mimi mzima, ila vidole. Baridi ya huko juu inang'ata.

Kazi yangu ni kuchungulia mizinga ya Wajerumani, kuipiga picha, kisha kuwadondoshea wapiga mizinga wetu ujumbe kwenye kifuko chenye mikia ya kitambaa, kionekane matopeni. Vyetu vinapotea ovyo. Rubani wangu, Luteni Hadley, ananicheka: "Kondoo wote wale kwenu, halafu mnakosa kipande cha kitambaa cha sufu?" Nishonee vichache, vyekundu.

Umeuliza, nakujibu. Ndege yetu inajikokota, zao siku hizi zina mbio. Hilo lako, si la mama. Mwishoni mwa Aprili nina likizo. Mpaka hapo endelea kumsomea hivyo hivyo.

Kaka yako,
Ithel

Blaenau
25 Machi 1917

Kaka Ithel,

U hali gani? Huku theluji imeyeyuka, mama anakohoa kidogo tu.

Vifuko vinne hivyo, mikia ni gagulo la bibi. Nililiomba kwa kunong'ona, akapaza sauti nyumba nzima isikie: "Gagulo langu la harusi! Haya, chukua, likaone Ufaransa, mimi sikufika hata Liverpool." Uzi mwekundu uliniishia, nimemalizia wa njano. Usinicheke.

Juzi mama kaniuliza, "Mbona ukisoma unasitasita?" Nikasingizia mwandiko wako. Ameshaweka zabibu kando za mkate wa likizo yako. Ukija mwambie mwenyewe. Nimechoka kuwa wewe.

Mdogo wako,
Lowri

Blaenau
20 Mei 1917

Kaka Ithel,

Leo sikuulizi hali. Barua hii sitaipeleka posta.

Aprili ilikuja telegramu: wewe na Luteni Hadley hamjulikani mlipo. Mama alikuwa anakanda unga. Nikamwambia, "Wanasema amekawia." Akaoka. Mkate akaufunga kitambaa, akauweka kabatini, na baba akikaribia anamwambia, "Uache huo, una mwenyewe."

Jana kimefika kifurushi kutoka kwa kapteni wako. Anasema ndege ya Kijerumani ilipita juu ya uwanja wenu, watu wakalala chini wakidhani ni bomu. Kilichoanguka ni kifuko chenye mikia myekundu. Wajerumani walikiokota kwenye mabaki ya ndege yenu, wakatia karatasi ndani, wakakirudisha: nyote wawili mlikufa, mmezikwa pamoja kwa heshima.

Ni chetu, kaka. Uzi wa njano ule pale.

Mama akakishika. "Si gagulo la bibi yenu hili? Ithel amelirudisha? Soma, basi."

Baba akavua kofia. Nikaisoma kwa Kiwelshi ile barua ya kapteni, kama ilivyoandikwa, bila kuacha wala kuongeza. Sikutetemeka. Nilitamani nitetemeke.

Mama hakulia pale pale. Alikunja ile mikia mmoja mmoja, akanitazama.

"Sasa kalete zile barua zake nyingine," akasema. "Zote. Na leo, mwanangu, unisomee alivyoandika yeye."

Tumeanza na ile ya nyaya.

Mdogo wako,
Lowri