Picha ya Mkono wa Zuhura

Mdogo wangu Mwanjaa,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako ya kwenye simu nimeiitikia, lakini haya mengine hayasemeki kwa simu. Goti lako vipi? Usinidanganye kuwa halijambo, mwanao ameshanieleza unavyoswali umekaa.

Mimi mzima huku Mwanza, ila ziwa lao halina chumvi, hata upepo wake hauna harufu. Nikila samaki wao nakumbuka pweza wa Kigombe, nawe ukimpiga kwenye mawe mpaka alainike, kanga umejifunga kiunoni, unanitukana kwa uvivu wangu.

Anayeandika ni mjukuu wetu Zuhura, maana mimi kalamu siijui. Nimemwambia asiruke neno.

Alichaguliwa timu ya mpira ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita. Kabla ya safari wakawapiga picha za mikono, pale kwenye kifundo, waione mifupa. Wenzake wakapita. Yeye wakasema mifupa imeshafunga, haikui tena, huyu mtu mzima, kadanganya umri. Zuhura wa miaka kumi na mitano. Cheti chake hawakitaki, eti kimekatwa juzi alipoingia sekondari.

Nikavaa buibui nikaenda hospitali. Daktari, kijana mpole, akanionyesha picha. Nikamuuliza, huu mfupa unakwambia kazaliwa lini?

"Hapana, bibi. Unaniambia umekomaa kiasi gani. Wapo wanaowahi, wapo wanaochelewa, hata kwa mwaka na zaidi."

Nikamwambia basi liandike hilo, usininong'oneze mimi. Kaandika. Lakini kiongozi wa timu anataka na karatasi ya zamani, ya tangu alipozaliwa.

Mwanjaa, nilikukumbuka wewe pale. Kwetu tunawahi. Ulivunja ungo ungali unacheza mdako barazani, wazee wakakutazama kifua wakasema huyu keshakuwa, wakakuoza. Hakuna aliyeuliza miaka. Mimi nilijua, nikakusuka nywele za harusi nikanyamaza. Niwie radhi, mdogo wangu. Nimechelewa kusema.

Sasa fanya hivi. Zuhura alizaliwa kwako, Idi pili, nawe ulikuwa ndani ya eda ya mumeo. Chukua cheti cha kifo cha marehemu uende nacho zahanati, mwaka uliomo ndio huo huo aliozaliwa Zuhura. Wafungue daftari la chanjo la mwaka huo wamtafute, kisha mwanao aupige picha ukurasa atume kwa simu. Wakikwambia madaftari yameliwa na mchwa, waambie wakuonyeshe mchwa. Timu inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Barua anakuja nayo binti wa jirani, atashuka Tanga kesho kutwa.

Nisalimie mwanao fundi cherehani, na mkweo muuza uduvi, mwambie nina hamu na uduvi wake. Na shangazi yetu kizee, mbusu mikono kwa niaba yangu.

Nilitaka kufunga hapo. Zuhura kaweka kalamu chini, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ananiuliza, "Bibi, daftari lisipoonekana, mimi nitakuwa na miaka mingapi?"

Nimemwambia, "Kumi na mitano. Nilikuwepo, nilikupokea mimi."

Nimemwambia aandike na hilo. Anaandika, analia, wino unachuruzika, utausoma hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako,
Mwanamkuu