Nilimchosha Mke Wangu Nikidhani Namtibu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba una aibu ndani yake, maana nina miaka sabini, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Buhongwa, na watu wamezoea kuja kwangu wakiwa na barua za kusomewa na ugomvi wa kuamuliwa.

Nilizaliwa Burundi. Nilikimbia mwaka 1972 nikiwa na miaka kumi na saba, kwa miguu, nchi hii ikanipokea, ikanisomesha ualimu, ikanipa uraia, ikanipa na mke, Dorotea, Mkerewe wa Nansio, na ingawa bado naota vilima vya kwetu, majina ya baadhi yake yameanza kunitoka. Nayaeleza haya ili uelewe kwa nini naamini sana miguu na jasho. Miguu ilinivusha mpaka, na kwa miaka thelathini na moja niliongoza mchakamchaka wa asubuhi shuleni, nikawaona watoto walioanza Januari wakihema mlangoni wakimaliza Juni wakiimba mpaka mwisho wa uwanja.

Miaka miwili iliyopita Dorotea alianza kudondosha vikombe, kisha mguu wa kushoto ukawa unaburuza, na baada ya vipimo vingi tukaambiwa ana ugonjwa unaoua polepole neva zinazoiamrisha misuli, kwamba dawa ya kuuponya haipo, na kwamba nguvu zitaendelea kupungua. Kijana mmoja mtaalamu wa mazoezi tiba, Masele, alitufundisha mazoezi ya nyumbani: kukunjua vidole, kuzungusha kifundo cha mkono, kuinua mkono huku mimi nimeushikilia kwenye kiwiko, kunyoosha miguu kitandani, kuvuta pumzi ndefu taratibu. Kila zoezi mara tano, akasema, na muache kabla hajachoka. Mimi niliposikia mara tano nilicheka kimoyomoyo, kwa kuwa mara tano hata mtoto wa darasa la kwanza hatoki jasho, nikapandisha zikawa kumi, zikawa ishirini, zikafika thelathini, nikampa na chupa ya maji ya nusu lita ainue, nami nahesabu kwa sauti ileile ya uwanjani mpaka majirani wanasikia.

Mshauri, ungemwona ungemvulia kofia. Saa moja asubuhi ameshakaa wima kwenye kiti, kitenge kimefungwa vizuri, na nikichelewa ananiita, "Mwalimu, kengele imelia zamani, kipindi kinapita!" Nikifika ishirini na nane anasema, "Umeruka ishirini na saba, rudi nyuma," nami najua sikuruka, anataka tu nicheke. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mashujaa, sikumkuta humo mmoja wa kulinganisha naye.

Sisi tangu tuoane tunakula sahani moja. Tangu Pasaka mkono wake ukawa haufiki mdomoni wakati wa chakula cha mchana, nikawa namlisha, nikijiambia ugonjwa ndio unasonga mbele. Kisha mwezi uliopita nilikwenda msibani ng'ambo ya ziwa, kupitia Kigongo, nikalala huko siku mbili, na niliporudi mchana nilimkuta Dorotea anamega ugali mwenyewe, polepole, anachovya, anakula, nikafurahi nusura nilie. Nikasema, mazoezi yamezaa matunda. Asubuhi iliyofuata nikaongeza kumi. Mchana mkono ukalala mapajani kama zamani, nami nikashika tonge na kumlisha bila kujiuliza chochote.

Aliyenifungua macho ni Dorcas, jirani yetu anayekuja kumwogesha. Alinifuata nje nikianika nguo. "Shikamoo Mwalimu. Usinikasirikie. Mama akimaliza kipindi chako hawezi hata kushika kitana mpaka jioni. Ulipokuwa msibani alipumzika, si uliona mwenyewe alivyokula?" Nikamuuliza kwa nini mke wangu haniambii. Akasema, "Nilimwambia akuambie. Akanijibu, 'Mwache ahesabu. Akihesabu haogopi.' Na ukimwambia nimesema, Mwalimu, mimi hapa siji tena."

Tangu siku hiyo nahesabu kwa sauti ndogo. Nikipunguza mazoezi, nahofia Dorotea ataona nimekata tamaa naye. Nikiendelea, namnyang'anya mkono wake wa mchana kwa mikono yangu mwenyewe. Na nikisema ninalojua, nampoteza Dorcas, ambaye bila yeye hatuwezi. Nifanye nini? Tafadhali badilisha majina.

Mwalimu N., Buhongwa

Shikamoo Mwalimu. Majina nimeyabadilisha, lakini mwalimu mstaafu anayehesabu mpaka majirani wanasikia ni rahisi kutambulika, kwa hiyo nimekutumia majibu haya kwenye simu siku tatu kabla ya kuyachapa. Zungumza na mkeo kabla gazeti halijafika Buhongwa, na Dorcas msomee majibu haya, akikataa niambie nisiyachape.

Pole sana. Na sasa, kwa heshima zote za umri wako, nikugombeze. Ulipewa maelekezo na mtaalamu, ukayasahihisha kama daftari la mwanafunzi. Mtoto wa shule akichoka leo, kesho misuli yake inaamka na nguvu zaidi. Ya Dorotea haiwezi hivyo, kwa sababu neva zinazoipa amri ndizo zinazokufa. Unapoichosha asubuhi unatumia nguvu zake za mchana, na ulishaliona hilo kwa macho yako ulipotoka msibani, ila ulilisoma kinyume.

Lakini usije ukayaacha yote kwa majuto, maana huko nako ni kosa. Nimemuuliza mtaalamu mwingine wa mazoezi tiba kabla ya kukuandikia. Viungo visiponyooshwa vinakakamaa na kuuma, na pumzi nayo inahitaji kutunzwa. Kwa hiyo rudi kwenye mara tano. Chupa ya maji mnyweshe, asiiinue. Gawanya mazoezi vipande vifupi, kimoja asubuhi, kingine baada ya kupumzika alasiri. Mkono uliochoka uinue wewe, yeye aulegeze, na kamwe usimvute mkono unapomwinua kitini, mshike kiunoni. Ikipita nusu saa bado amechoka, au kesho yake misuli inauma kuliko kawaida, mlizidisha, punguzeni. Akianza kupaliwa na chakula, au kukosa pumzi anapolala chali, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mrudie Masele, mweleze ukweli wa thelathini zako, na zile kumi za juu. Atakasirika kidogo, vumilia.

Kuhusu Dorcas, nyamaza. Mwanamke anayemwogesha mkeo na bado akapata ujasiri wa kumkosoa Mwalimu anastahili kulindwa. Huhitaji maneno yake. Mwambie Dorotea uliyoyaona mwenyewe: nilikwenda msibani ukala kwa mkono wako, nikarudi nikauchosha, nimekosa, naomba unisamehe.

Unaogopa ataona umekata tamaa. Mzee wangu, mkeo hakuwa anafanya mazoezi kwa ajili ya misuli yake. Kwa miezi yote hiyo amekuwa akikubeba wewe, kwa mkono usioweza kushika kitana, huku anakutania ili usijue. Nimekaa na barua yako siku nzima nikimwaza mama huyu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufichwa hofu, ameshaijua yako, anakusubiri tu uiseme. Kaa karibu naye, mwambie, "Dorotea, naogopa." Kisha ukae kimya. Kwa mwalimu hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote, nalo lifanye mara moja tu.

Halafu kuanzia kesho, kabla ya kunyoosha kidole chochote, muulize nguvu za leo anataka kuzitumia wapi. Usimjibie. Pengine atasema kula, pengine kujichana mwenyewe, pengine kuzungumza na ndugu zake wa Nansio kwenye simu akiishika kwa mkono wake. Na siku akisema anataka uhesabu, hesabu, ila uishie tano. Lolote atakalolitaja lipangeni kwanza, na mazoezi yalipishe.

Odeta