Kichupa Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwambia profesa ukweli. Kati ya aina kumi za protini ile ile, za watu kumi, tunazoipimia hospitali, moja imetokana na jeni ya dada yangu. Nilijua atanitoa kwenye kazi. Hakunitoa! Kasema vichupa vipewe namba, na orodha ya majina ikae kwa Mzee Friza, fundi wetu wa maabara. Mimi nipime tu, nisijue kipi ni cha nani. Namshukuru sana.

Mama alikufa kwa saratani ya titi. Jeni ya dada ina herufi moja iliyobadilika, na daktari wake hajui kama ina madhara. Dada anataka kujua, basi.

Jumanne, 4 Machi
Niandike kabla sijachanganyikiwa. DNA ikikatika, protini yetu inaishika protini ya pili na kuipeleka penye mkato ili ushonwe. Zisiposhikana, mkato unabaki wazi, na saratani inapata mlango. Kazi yangu: kuinasa ya kwanza kwa shanga ndogo ndogo, halafu kuangalia kama ya pili imekuja nayo. Rahisi kusema!

Jumatano, 5 Machi
Mjinga mimi! Nimemwaga shanga zenye protini, nikahifadhi maji ya kuoshea. Vichupa vyote kumi — sinki! Akili ilikuwa kwa dada. Nikakaa kwenye stuli nikalia.

Mzee Friza kafungua friza lake, lile asilotaka liguswe, katoa nusu ya kila sampuli. Huwa anaficha nusu ya kila kitu, kasema, maana hajaona mwanafunzi asiyemwaga. "Mwanangu, utalia ukimaliza. Barafu inayeyuka." Nilitamani kumkumbatia. Angekimbia.

Ijumaa, 7 Machi
Picha ya protini imetoka, safi kabisa. Vichupa tisa vina mistari miwili, mmoja kwa kila protini: zimeshikana. Namba sita kina mmoja tu. Nikaomba kisiwe cha dada — halafu nikaona haya. Kisipokuwa chake, si cha dada wa mtu?

Mzee Friza kaleta orodha. Profesa kasoma, kavua miwani. Ni cha dada.

Alhamisi, 20 Machi
Nimerudia mara mbili. Hospitali nao wamepima kivyao. Jibu ni lile lile. Leo daktari kamwambia dada. Nilijiandaa kwa kilio, yeye kacheka! Eti afadhali ajue anapambana na nani. Hana uvimbe wowote. Watamfuatilia, watapanga operesheni ya kinga mapema. Mama hakuipata nafasi hii. Nimeshukuru kwa sauti mpaka mhudumu wa mapokezi akageuka.

Tuko koridoni, naandikia gotini. Dada kaniuliza, "Mdogo wangu, umepima vya watu wote. Cha kwako je?" Mama yetu ni mmoja. Huenda nami nimeirithi jeni hiyo kama yeye. Siku zote hizi sikutaka kuliwaza hilo.

Kanivuta mpaka dirisha la kutolea damu, kaniandikisha mwenyewe. Muuguzi ameita. Mkono wa kushoto nimeshakunja shati. Wa kulia dada anataka aushike, kwa hiyo kalamu —