Maji Yakiwa Yameletwa

Januari 12

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yameunda serikali yao. Habari za chuoni?

Nakutumia daftari la maumbo ya vitenzi yanayokosekana katika Kilatini, ulipige chapa tulipeleke kwa mchapishaji. Ni miaka kumi na tisa ya kufundisha. Wanafunzi hukwama palepale: Kilatini hakina neno moja la "akiwa ameleta", kinalo la "yakiwa yameletwa" tu, hivyo ukitaka kumtaja mtendaji lazima uzunguke: "alipokwisha kuleta". Mifano unajua ninavyoitunga: kila jioni naandika kilichotokea nyumbani siku hiyo. Usicheke ukikutana na paka na sufuria.

Ukurasa wa sitini na moja ni siku ya mwisho ya Mama yako Mkubwa. Huo uuruke. Sikuwa na moyo wa kuuchana.

Baba yako Mkubwa

Februari 3

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini magoti yamepoa. Daftari limefika. Napiga chapa polepole, haraka haraka haina baraka.

Mwanao

Juni 20

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama unaumwa, sema nije. Daftari linaweza kusubiri.

Baba yako Mkubwa

Oktoba 8

Mwanangu,

Leo sikuulizi afya. Mwalimu mwenzangu wa zamani ameniletea kitabu kipya, akidhani nitafurahi. Jaladani kuna jina lako peke yake. Ndani kuna paka wangu na sufuria yangu.

Hayo ningeyameza. Lakini kwenye ukurasa wa arobaini na nne wa kitabu umechapa ule nilioomba uuruke: "Mama aliomba maji. Maji yakiwa yameletwa, hakuamka." Wanafunzi wataukariri kwa mtihani. Aliyeleta maji ni mimi. Nilisimama na kikombe mpaka mkono ukafa ganzi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Umenisaliti, na inauma.

Baba yako Mkubwa

Novemba 30

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini u mzima. Mambo yalikwenda mbio. Mchapishaji alitaka mtu wa chuoni, jina likawekwa, shukrani zikasahaulika. Mfano ule uliachwa humo kwa kuwa ndio bora kuliko yote.

Toleo la pili linaandaliwa. Kama una daftari jingine, nitumie, safari hii utatajwa.

Mwanao

Desemba 9

Bwana,

Barua yako nimeipata. Jina liliwekwa, shukrani zilisahaulika, mfano uliachwa. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta aliyefanya, sikumwona.

Daftari jingine lipo, na litabaki humu. Jioni hii nimeandika mfano mmoja: "Mzee alipokwisha kusoma barua, aliosha kikombe."

Katika toleo la pili ondoa maji ya mke wangu. Mengine yote baki nayo.

Mwalimu wa Kilatini, mstaafu