Ulipouliza Kama Urudi

Leeuwarden, Jumapili

Wiebe,

Mwanetu Nynke ameota jino. Barua yako ya kuomba kurudi nimeipata.

Jumanne hospitalini walinitibu moyo wangu unaokwenda mbio. Walipitisha mrija mwembamba wa kugandisha kutoka pajani hadi moyoni, nami niko macho. Muuguzi akanitania, "Mama, mifereji haikuganda mwaka huu, barafu yote iko kwako."

Daktari akanieleza, "Kwanza tunapoza kidogo pale panapouharakisha moyo. Tukikosea, tunaacha papate joto, moyo unarudi kama zamani. Tukiwa na hakika, tunagandisha kabisa."

Kila ulipoondoka, Wiebe, niliacha pakapata joto.

Daktari akauliza, "Uko tayari?"

Nikasema, "Gandisha."

Sasa moyo unapiga taratibu, ingawa bado ninalia nikikunja nguo zako. Mtoto njoo umwone. Kwangu usirudi.

Aliyekuwa wako,
Hiske