Mwalimu Alirudie Neno Lake kwa Kikamba

Muthui mwanangu,

Aibu kwako. Mama yako anatukanwa mbele ya kikundi kizima cha mwethya, na wewe umekaa juu ya jiwe unaonyesha meno kama wengine. Nilikuona.

Haya, sasa nakusalimia. Mgongo umepona? Ndengu zimetoa maua? Huku Malili sisi wazima, mtoto wa dada yako ameota meno mawili na ananiuma. Nimeandika kwa sababu kwa simu ungesema network imepotea.

Siku ile kikundi kilipochagua mahali pa kujenga ukuta wa kuzuia mchanga mtoni ili maji yabaki humo, nilisema hapo hakuna mwamba, maji yatapita chini. Mwalimu Mutuku, mwenyekiti wenu, hata mtaimbo hakupiga chini kuutafuta. Alitaka tu ukuta ukae karibu na boma lake. Akaniambia, "Mama Muthui, wewe ni cynic." Mkacheka, na hakuna hata mmoja aliyejua anacheka nini.

Neno hilo nilikuja nalo mpaka huku. Nikamuuliza Mwende, binti mkubwa wa dada yako, yule wa chuo. Akaanza kumzungukazunguka bibi yake.

"Susu, siku hizi ni mtu asiyeamini wema wa watu."

"Na zamani?"

"Zamani ni la Wayunani. Lilitoka kwa neno lao la mbwa."

Eti huko kulikuwa na wanafalsafa waliolala nje, hawana haya, wanaambia wakubwa ukweli machoni, ndipo wakaitwa mbwa. Mimi! Mwenye nyumba ya mabati, na kanisani nakaa benchi la mbele! Lakini Mwende anasema wale wazee hawakulikataa jina, walitembea nalo. Basi na mimi nimelichukua. Mutuku atajua lina meno.

Nimesikia mvua ilikuja, maji yakachimba chini ya ukuta yakaenda zake. Nilifurahi mpaka nikaimba, Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka kiangazi, na ng'ombe wetu hawana pa kunywa.

Salimia mke wako, na shangazi yako mwenye masikio mazito, umpigie kelele. Mutuku usimsalimie.

Alhamisi mkikutana, simama. Mwambie aeleze neno lile kwa Kikamba, wote wakisikia, na asikae mpaka amalize. Halafu mpe mtaimbo, umpeleke pale mto unapopinda chini ya shamba langu, apige mwenyewe mpaka usikie mwamba ukilia. Ukuta ujengwe hapo, na jiwe la kwanza alibebe yeye.

Mama yako,
Kalunde