Zoezi la Kadi ya Harusi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Husna kaenda Mpale kumuuguza bibi yake. Kaniachia steshenari yake hapa Kilole na amri moja: Mama, toa fotokopi tu, kompyuta usiiguse.

Nimeigusa.

Mna masomo ya video, ya kupanga kurasa za vitabu na kadi. Anafundisha kijana wa Handeni, Isihaka. Sauti ya upole hiyo! Kumbe ndiyo maana mwanangu anajifunza huku anatabasamu. Mwaka wa pili huu anamsahihishia kazi, simu kila jioni — na mshenga hatumwoni. Naogopa mwanangu anasubiri basi lisilopita njia hii.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo somo la kuacha nafasi pembeni. Isihaka anasema maneno yakikaa ukingoni, karatasi ikikatwa na yenyewe yanakatwa. Ah! Si upindo wa nguo huo? Darasa la nne sikumaliza, lakini upindo naujua.

Mshale wa kompyuta tu ndio unanitoroka kama kuku aliyeona kisu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Zoezi: tengeneza kadi ya harusi, itume kwenye kundi la wanafunzi, mwalimu asahihishe. Majina yoyote, kasema.

Yoyote! Bibi harusi nikamwandika Husna. Bwana harusi — jina lililokuwa mbele yangu ni la mwalimu. Maua pembe zote nne. Na njiwa. Nikatuma.

Nimecheka peke yangu mpaka mteja akauliza, Mama, kuna heri? Nikamwambia, bado.

Ijumaa, 10 Oktoba

Yarabi! Kompyuta ya Husna, kwa hiyo kadi imekwenda kwa jina la Husna. Kundi zima linapongeza! Mmoja anauliza kamati ya harusi iko wapi achangie.

Kwetu mwanamume ndiye anayetuma washenga. Mimi nimempeleka binti yangu kuposa! Nikajaribu kuifuta. Nikaituma tena.

Jioni mwalimu kajibu: maua yamezidi, njiwa mmoja katoka nje ya karatasi, nafasi ya pembeni nzuri sana. Tarehe umesahau.

Basi! Hakuna kingine. Huyu ni jiwe, au mjanja?

Jumapili, 12 Oktoba

Husna karudi. Huko Mpale mtandao wa kubahatisha, kaja kuyaona yote stendi. Kaingia na begi, shikamoo hakuna.

— Mama! Njiwa? Njiwa kweli, Mama?

Nikasema ni zoezi tu, mwanangu. Kajifunika mtandio usoni, analia au anacheka, sijui. Nikachukua simu nimpigie huyo Isihaka, nimwambie ni mimi, mwanangu hana kosa. Husna akanishika mkono. Subiri kwanza, Mama.

Subiri!

Mara hodi. Wazee wawili wa kanzu, kutoka Handeni. Mmoja ni Mzee Sabiri, mjomba wake Isihaka. Mkononi ana kadi yangu, wameichapa kwa rangi, na njiwa wake. Anasema: Mama, desturi sisi ndio wa kubisha hodi kwanza, ila mmetuwahi. Tumekuja kuhusu hiyo tarehe.

Nimekimbilia jikoni. Chai iko motoni, naandika juu ya ndoo ya mchele. Niwaambie ukweli? Nisipowaambia, nawadanganya wazee wa watu. Nikiwaambia, wakaondoka je?

Husna kachungulia. Kavaa gauni la Idi! Ananong'ona: Umeshawaambia ni wewe?

Bado, nikasema.

Anatazama sufuria, ananitazama mimi.

— Basi wanywe kwanza. Weka iliki, Mama. Nyingi.